Mashimo ya Dhahabu na Mashimo ya Ngoro



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya mambo ya kale katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Nimechagua habari za dhahabu, maana hata leo wako vijana wetu, wa milimani na wa pwani ya Ziwa Nyasa, waachao jembe wakashika karai kwenda kuitafuta mitoni. Yafaa wajue yaliyowapata waliotangulia huko Lupa, katika nchi ya Chunya, kaskazini ya Mbeya.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922 katika mchanga wa mito. Mwanzoni sururu, karai na maji vilitosha. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hata dola 35 kwa wakia moja. Miaka hiyo mazao ya shamba yalikuwa yameshuka bei duniani kote. Basi watu wakamiminika Lupa, Wazungu, Wahindi na Waafrika, wengine wakichimba kwa bahati yao, wengine kwa ujira. Asiye na akiba alikula kwa mkopo, akiahidi kulipa kwa dhahabu ambayo macho yake hayajaiona.

Mchanga wa juu ulipopungua, ikabaki dhahabu iliyo ndani ya mawe, nayo ilitaka mitambo na mtaji. Mgodi wa New Saza ulianza kazi mwaka 1939, ukafungwa mwaka 1956. Katika miaka ile bei ya dola 35 ilikaa palepale, na gharama zikapanda. Migodi mingi ilibanwa hivyo. Mchimbaji hakuwa na sauti katika bei.

Lakini wako waliopata faida bila kugusa karai. Wanyakyusa walilima mpunga wakawauzia wachimbaji. Wachimbaji wale walitawanyika. Mpunga wa Kyela walimwa hata sasa.

Ndugu zangu, sisi Wamatengo nasi ni wachimba mashimo. Katika karne ya 19 wazee wetu walijibana milimani kwa kuhofu vita vya Wangoni. Ardhi ilikuwa finyu, na mteremko mkali. Wakafyeka nyasi, wakazipanga miraba miraba, wakachimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Hiyo ndiyo ngoro: maji ya mvua hutuama shimoni yasichukue udongo, na nyasi huoza zikawa mbolea ya maharage na mahindi. Shimo la dhahabu huchimbwa likaachwa. Shimo la ngoro hulisha wajukuu.

Na mwaka 1936, Lupa ilipokuwa ikivuma, wakulima wa nchi yetu walipata Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, wauze tumbaku yao kwa pamoja. Walijua kwamba bei hupangwa mbali, na mtu mmoja hasikiki. Sisi tulikumbushwa hayo mwaka 1989, mpango wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka.

Bei ya dunia hatuiwezi. Lakini iko hasara nyingine tunayojitakia, nayo ni magoma: kuuza kahawa ingali mtini. Huo ndio mkopo wa Lupa uliohamia shambani kwetu. Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza hivyo, mwanangu aliporudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Msimu ule nilichuma kahawa ya mtu mwingine katika shamba langu mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wanachama waikatae magoma. Na viongozi wetu, kwa heshima, nawaomba wajue kwamba malipo yakichelewa, mkulima husukumwa mlangoni kwa mnunuzi wa magoma. Mizani iwe ya haki, hesabu zisomwe mbele ya wote, na fedha ifike kabla ya shida.

 Ushirika wetu na udumu.