Maktaba Ikizimwa Mbali, Singida Isome Nini?



Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Mtu wa Kiomboi au Itigi, mkoani Singida, hajawahi kuziona nyaya hizo wala hana sababu ya kuzijua. Lakini siku ile simu yake ilizunguka weee, haikufungua kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima ikakaa siku kadhaa. Safari hiyo hakuna waya uliokatika. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuwa anausubiri mtihani wa taifa wa Novemba, yote yalikuwa mamoja: vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ile aliyoizoea, havikufunguka.

Nisieleweke vibaya. Maktaba Mtandao ni jambo jema, hasa kwa shule ambayo kitabu kimoja cha kemia kinagombewa na dawati zima. Ninachogombana nacho ni mazoea yetu. Siku hizi ukimuuliza mkuu wa shule kuhusu vitabu, anakujibu kwa kujiamini kabisa, "Tunavyo, viko mtandaoni." Hana kitu huyo. Ana anwani ya mahali kitu kilipo, na ufunguo wa mlango umeshikwa na watu wengine.

Na tusijidanganye kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza kule London, mojawapo ya maktaba kubwa kuliko zote duniani, ilivamiwa na genge la wahalifu wa mtandao liitwalo Rhysida. Wakafunga mifumo, wakadai fedha. Maktaba ikakataa kulipa, nao wakamwaga mtandaoni mafaili waliyoiba. Hakuna kitabu kilichoungua. Vitabu vilikaa palepale rafuni, mamilioni kwa mamilioni, lakini katalogi ya mtandaoni haikuonekana hadi Januari 2024, nayo ilirudi nusunusu. Orodha yao ya tasnifu za udaktari za vyuo vikuu vya Uingereza, ambamo zimo tasnifu nyingi zilizoandikwa juu ya Tanzania, ilikaa gizani muda mrefu zaidi. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani: taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja na huduma ikafungwa kwa siku kadhaa.

Sasa Singida inaingiaje hapo? Inaingia, tena kwa mlango mkubwa. Harold Schneider alichapisha kitabu chake kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa Wahi, mkoani Singida, mwaka 1970, kule Chicago. Marguerite Jellicoe akaandika The Long Path, kuhusu Wahi hiyohiyo, kikachapishwa Nairobi mwaka 1978. Kijana wa Ikungi akitaka kujua wazee wake waligawanaje ng'ombe, ataanzia kwenye simu, na simu itampeleka kwenye seva za ughaibuni. Zikizimwa, habari za babu yake zimezimwa nazo.

Kwa karatasi tulishalifikiria jambo hili zamani. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu chake, ili nchi ibaki na cha kwake hata mwandishi akifa na kiwanda kikafungwa. Tulipohamia mtandaoni tukaisahau hekima hiyo, kana kwamba kwenye kompyuta vitu havipotei.

Dawa ipo, na haihitaji mfadhili. Tangu mwaka 2007 kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, ya kusomea kurasa za mtandao bila intaneti. Wikipedia yote ya Kiswahili inafungwa kwenye faili moja linaloenea kwenye memori kadi ya kawaida. Unachukua kompyuta ndogo, hata ile kuukuu ya ofisini, unaweka faili humo, unaiunganisha na kiruta. Mwanafunzi anawasha waifai ya chumba kile, anafungua ukurasa kama kawaida, na bando lake halikatwi hata senti. Umeme ukikatika, sola ndogo inatosha. Ipo pia Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Vitabu vya kiada vina mwenyewe, kwa hiyo shule isijichukulie kiholela. Iombe kwa Taasisi ya Elimu, na Taasisi nayo isiwe ngumu.

Kwa wakutubi nina neno la pembeni, na naomba mnivumilie. Katalogi yenu mliyoijaza kwa miaka, kitabu kwa kitabu, mnaweza kuitoa kwenye mfumo? Programu nzuri ya maktaba, kama Koha, inakupa faili la MARC ambalo mfumo mwingine utalisoma. Ukiuziwa mfumo na muuzaji akaanza kujikunja ukimuuliza swali hilo, usisaini. Leseni ikiisha atabaki na katalogi yeye, na ninyi mtarudi kuhesabu vitabu kwa daftari.

Wapo watakaosema nakala ya kwenye diski huchakaa. Ni kweli, na hapa ndipo penye kazi. Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika. Shule iliyobaki na mafaili ya zamani inaweza kumfundisha mtoto kisichotahiniwa. Diski nazo hufa, na flashi zinazozunguka mitaani zimejaa virusi. Kwa hiyo apangwe mtu, kwa barua, awe mwalimu wa TEHAMA au mkutubi, na likizo ya Juni na ya Desemba apakue upya akiwa mjini penye mtandao wa uhakika, ajaribu kila faili kama linafunguka, kisha nakala ya pili aipeleke jengo lingine. Ikiwa shule iko Nduguti, hiyo ya pili ikae Singida mjini, maana radi ikipiga Nduguti haichagui diski. Malipo yake ya kazi hiyo yaandikwe kwenye bajeti ya halmashauri kwa jina lake, yasifichwe kwenye matumizi mengineyo, ambako hukatwa kabla ya kitu kingine chochote.