Maneno Makali ya Kiingereza

Ndugu wahitimu wa kisomo, jioni hii tuzungumze juu ya neno dogo tunalolijua sote: kali. Kisu ni kikali. Pilipili ni kali. Jua ni kali, mbwa ni mkali, na bibi naye anaweza kuwa mkali kuliko mbwa. Neno moja linafanya kazi zote hizo, wala hakuna anayechanganyikiwa. Waingereza kwa kazi hiyo wana maneno mengi, na baadhi yake yanafika hapa kijijini juu ya kadi za hospitali na vibandiko vya vyombo. Ndiyo maana tumeyaleta.

La kwanza ni "sharp", husomwa shaap. Hili ni lao wenyewe tangu zamani, wao na jamaa zao: Mjerumani husema "scharf", Mholanzi "scherp". Ni neno la kisu, panga na wembe. Mtu mwepesi wa akili naye ni "sharp". Hata sisi tukiitana mkutanoni hakosi mmoja wa kusema "saa nane sharp", yaani saa nane kamili, ingawa mkutano wenyewe utaanza saa tisa na nusu.

"Keen", husomwa kiin, limekwenda kinyume. Hapo kale lilikuwa sifa ya mtu jasiri, ndipo baadaye likahamia kwenye kisu. Siku hizi mtu "keen" ni yule mwenye hamu na jambo.

Sasa tuje kwenye maneno ya kuazima. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Lugha yao, iliyotokana na Kilatini cha Warumi, ikawa lugha ya mabwana. Wasomi nao wakaendelea kuchota Kilatini chenyewe, kama vile Kiswahili kilivyochukua hesabu na sheria kutoka Kiarabu. Wengi wetu tunayaogopa maneno hayo, tukidhani yameficha elimu kubwa. Haya, tuyafunue. Warumi waliita sindano "acus". Kunoa waliita "acuere". Kitu kilichonolewa kikawa "acutus", na hapo Waingereza wakapata "acute", husomwa akyuut. Kumbe ni sindano tu na kinoo!

Katika hesabu, pembe iliyo chini ya nyuzi 90 ni "acute", nasi twaiita pembe kali. Ikizidi 90 ni pembe butu. Kiingereza chake ni "obtuse", nalo latoka kwenye Kilatini cha kitu kilichogongwa hadi kikapoteza makali. Waliotutungia maneno ya hesabu hawakukosea hata kidogo.

Lakini hospitalini, ndugu zangu, tegeni sikio. Neno "acute" kwenye kadi halisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Linasema umeanza ghafla, na kwa kawaida ni wa muda mfupi. Mafua ni ya namna hiyo. Kipindupindu nacho ni cha namna hiyo hiyo, na hicho chaweza kuua kwa saa chache. Mwenzake ni "chronic", husomwa kronik, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Huo ni ugonjwa wa kudumu, kama kisukari au presha. Mama mmoja mwanakisomo alitujia na kadi ya mumewe. Kijana wao anayesoma sekondari alikuwa amewaambia kwamba hapa hapakuandikwa "acute", basi ugonjwa si mkali. Mzee akaacha vidonge vya presha, maana hakusikia maumivu yoyote. Sivyo hata kidogo, mama. Presha inaweza kumwangusha mtu asiyeumwa popote, na dawa yake haiachwi bila kumwuliza daktari au mganga wa zahanati. Kesho yake asubuhi mzee alikuwa kwenye foleni ya zahanati, kadi mkononi.

Mzizi ule ule wa makali uliwapa Warumi neno la uchachu, maana ulimi nao huchomwa. Ndilo lililozaa "acid", yaani asidi au tindikali. Sikilizeni mwisho wa tindikali: kali hiyo hapo! Siki kwa Kiingereza ni "vinegar", na asili yake ni Kifaransa cha mvinyo mchachu. Siki na ndimu zina asidi, nazo twala. Lakini betri za gari, na nyingine za umeme wa jua mlizo nazo majumbani, zina asidi ya salfa, ambayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Neno ni lile lile, nguvu ni mbalimbali. Ukisoma "acid" kwenye chombo, usionje wala usiwaachie watoto. Ikikurukia, osha papo hapo kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa muda mrefu, kisha uende zahanati.

Limebaki "pungent", neno la harufu au ladha kali, kama ya kitunguu. Asili yake ni kuchoma kwa kitu chenye ncha. Nasi husema pilipili inachoma, sivyo? Kilatini hicho hicho kilizaa "puncture", na hilo mnalijua wote: ndiyo pancha. Basi fundi wetu wa baiskeli pale chini ya mwembe anasema Kilatini kutwa nzima, na bei yake ya kuziba haijapanda.