Mwendo wa Ndege na Saa za Msafiri



Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi kile cha Mwanza ni umbali wa kilomita 850 hivi, ukipimwa moja kwa moja angani. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa kuwa barabara hupita mji kwa mji na kukwepa milima.

Ndege ya jeti iendayo kilomita 850 kwa saa ingetazamiwa kuimaliza safari hiyo kwa saa moja kamili. Hata hivyo, ratiba hutaja saa moja na nusu au karibu na hapo. Wako wanaodhani kwamba nusu saa hiyo huliwa na uzembe. Dhana hiyo si sahihi. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena kule iendako. Ndani yake mna mwendo wa polepole ardhini, kungoja zamu ya kuruka, kupaa, kushuka, na kuzunguka ili kuikabili njia ya kutua. Upepo nao una sehemu yake: ukiisukuma ndege kwa kilomita 50 kwa saa, kilomita hizo 850 huisha kwa dakika 57, ukiipinga kwa nguvu hiyo hiyo, huchukua dakika 64.

Lakini mwananchi hasafiri kutoka kiwanja hadi kiwanja. Husafiri kutoka nyumbani hadi anakokwenda. Tuseme ametumia saa moja barabarani, saa mbili kiwanjani, saa moja na nusu ndegeni, nusu saa kungoja mizigo, na nusu saa nyingine kuingia mjini. Jumla ni saa tano na nusu. Kwa hesabu hiyo, amekwenda kilomita 155 kwa saa.

Hapa ndipo penye funzo. Ndege ikiongezewa kasi ya kilomita 100 kwa saa, msafiri ataokoa dakika zipatazo sita tu. Foleni ya ukaguzi ikifupishwa, barabara ya kiwanjani ikifunguka na mizigo ikitolewa upesi, ataokoa saa nzima, bila ya kununua ndege mpya.

Kwa hiyo, anayetaka kuharakisha safari aanzie ardhini. Rubani asisukumwe kwa sababu ya ratiba. Anapokwepa wingu la radi juu ya Ziwa Victoria, au anapoamua kwenda kutua kwingine, hapotezi muda wa abiria. Analinda uhai wao. Ndiyo maana kanuni za usafiri wa anga humtaka abebe mafuta ya akiba. Dakika zilizopotea foleni yaweza kuzirudisha ikisimamiwa vyema, lakini uhai uliopotea haurudishwi na ratiba yoyote.