Lugha ya Masjala: Kiswahili katika Udahili wa Shahada za Juu, kwa Mifano kutoka Handeni na Korogwe



1.0 Utangulizi

Taaluma ya Kiswahili imeishughulikia kwa kina lugha ya ushairi, ya riwaya, ya jukwaa la siasa na ya vyombo vya habari. Rejista ya ofisi imeguswa mara chache, na ndani ya rejista hiyo imo sehemu ndogo ambayo haikupewa uzito unaoistahili. Hiyo ni lugha ya watumishi wanaoyapokea, kuyapanga, kuyakagua na kuyapeleka mbele maombi ya shahada za juu: makarani wa masjala, makatibu muhtasi, maofisa wa udahili na, katika miaka ya karibuni, wahudumu wa steshenari.

Mhadhara huu unatetea hoja moja. Mtu anayeomba shahada ya juu akiwa wilayani hulazimika kulisema jambo moja katika lugha mbili za ofisi. Daraja kati ya lugha hizo limeachwa mikononi mwa watumishi wa ngazi za chini, bila mwongozo wa pamoja wa istilahi. Kazi hiyo ni ya kiisimu, hata kama watendaji wake hawaitwi wanaisimu, na makosa yake hulipwa na mwombaji.

Handeni na Korogwe zimechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni wilaya jirani za Mkoa wa Tanga, na barabara ya takriban kilomita 65 huunganisha miji yake mikuu. Pili, Kiswahili huko kinaishi bega kwa bega na Kizigula, Kishambaa na Kibondei, na athari za lugha hizo zinaonekana hata katika nyaraka. Tatu, mkoa huo una nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili cha ofisi.

2.0 Karani wa Tanga

Maneno yenyewe ya ofisi yanasimulia historia. Masjala na jalada ni ya asili ya Kiarabu. Muhuri ni la Kiajemi. Cheti ni la Kihindi. Yalifika pwani pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, na hati zilikuwapo kabla ya serikali ya kikoloni kufungua ofisi yake ya kwanza. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, ni mfano wa msomi aliyeishi karibu na watawala na kuiweka kalamu yake kati ya ikulu ya milimani na ulimwengu wa pwani. Kitabu chake kilichapishwa Magila kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907.

Katika miaka ya mwanzo ya 1890 Wajerumani walifungua shule mjini Tanga. Miongoni mwa malengo yake ilikuwa kupata makarani, walimu na wakalimani. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, lilichapwa katika shule hiyo. Vijana waliohitimu walipelekwa katika vituo vya utawala vya bara, na wakaieneza namna moja ya Kiswahili: hati za Kirumi, barua fupi, salamu chache, jambo moja kwa kila barua. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na barua za aina hiyo zikafuata njia ya reli.

Chini ya Waingereza, Kiswahili kilibaki lugha ya ngazi za chini za utawala, na Kiingereza kikakalia ngazi za juu. Mgawanyo huo ulipingwa rasmi mwezi Januari mwaka 1967, pale Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ngazi kwa ngazi ofisi za umma zimekipokea Kiswahili. Udahili wa shahada za juu umebaki nyuma.

3.0 Jambo moja, lugha mbili

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari wilayani Handeni anayetaka kusoma shahada ya pili. Kama mtumishi wa umma, anahitaji ruhusa ya mwajiri. Barua yake huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ikibeba herufi "K.K.", yaani "kupitia kwa", mkuu wa shule. Chini yake husomeka "YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KWENDA MASOMONI", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Karani wa masjala huipiga muhuri wa kupokelewa, huiandika katika rejesta, huiweka katika jalada binafsi la mwalimu, na hulipeleka jalada kwa ofisa anayehusika. Majibu hurudi yakiwa na "Kumb. Na." ili yasipotee.

Mwanaisimu anayesoma barua hizo haoni Kiswahili kichanga. Anaona mtindo uliokomaa: vifupisho vinavyoeleweka na wote, mpangilio thabiti, na kauli ya kutendwa inayoificha nafsi ya ofisa ili cheo kiseme badala yake. "Umeruhusiwa", "unaarifiwa", "unatakiwa kuripoti": kila kitenzi kina uzito wa kisheria, na hakuna mwalimu anayekosea kukielewa.

Baada ya hapo mwalimu huyohuyo hugeukia chuo kikuu. Fomu nyingi za maombi ya shahada za juu nchini huandikwa kwa Kiingereza. Shabaha ni ileile na sifa ni zilezile, ila sasa kila kipengele kinadai tafsiri. Barua ya ruhusa, iliyoandikwa kwa Kiswahili, huambatishwa kwenye fomu ya Kiingereza. Hali hii huwa ya ajabu zaidi pale anapoomba kusoma Kiswahili chenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mafunzo ya Kiswahili yanayofundishwa kwa Kiswahili, na tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Mwombaji huitetea mada yake kwa lugha hiyo mbele ya jopo, ilhali mlango alioingilia ulikuwa wa lugha nyingine.

4.0 Istilahi zinazogongana

Ugumu hauletwi na upungufu wa maneno. Aghalabu maneno ni mengi kuliko dhana, au neno moja limebebeshwa dhana mbili.

Neno udahili lenyewe lina mafunzo. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kuingia, lakini katika Kiswahili kitenzi dahili kimebeba pia maana ya kuhoji na kudadisi. Sadfa hii inafaa sana, kwani anayedahiliwa huingizwa baada ya kuhojiwa na karatasi zake.

Uzamili na uzamivu huleta utata mkubwa zaidi. Uzamili una asili ya Kiarabu na unahusiana na uenzi wa kitaaluma; uzamivu umeundwa kutokana na kitenzi cha Kibantu zama, kwa taswira ya anayezama katika elimu. Asili zake ziko mbali, lakini kwa sauti maneno haya ni pacha, na mkono wa mwandishi mwenye haraka huyabadilisha kwa urahisi. Juu ya hayo, uzamili hutumika kwa maana mbili. Kwa maana finyu ni shahada ya pili, ambayo wengine huiita umahiri. Kwa maana pana, "masomo ya uzamili" ni masomo yote yanayofuata shahada ya kwanza, ya udaktari yakiwamo. Mtu anayeambiwa apeleke maombi katika ofisi ya masomo ya uzamili, ilhali anaomba uzamivu, ana haki ya kujiuliza kama ameelekezwa sawasawa.

Mfano wenye madhara zaidi ni mdhamini. Katika wasifu binafsi wa Kiswahili, wadhamini ni watu wanaoweza kueleza sifa za mhusika. Katika mikopo ya elimu ya juu, mdhamini ni anayejifunga kisheria kwamba mkopo utalipwa. Katika mazungumzo ya kawaida, mdhamini ni anayegharimia masomo. Fomu ya udahili inahitaji mtu wa aina ya kwanza, na hasa mhadhiri aliyemfundisha mwombaji. Mwombaji anayeelezwa kwa mdomo kwamba anatakiwa kuwa na wadhamini wawili anaweza kabisa kuwaandika baba yake na mjomba wake, watu waungwana walio tayari kulipa ada. Majina hayo hayajibu swali lililoulizwa. Barua za mapendekezo hazitafika, na maombi yatahesabiwa kuwa hayajakamilika. Pengine mwombaji atapoteza mwaka mzima kwa sababu ya neno moja. Lau wanataaluma wangekubaliana kumwita mtu huyo mpendekezaji, kosa hilo lisingekuwa na mahali pa kuanzia.

Vivyo hivyo, transkripti huitwa pia nakala ya matokeo au hati ya matokeo, ilhali hati ya matokeo kwa wengine ni karatasi ya mtihani wa sekondari. Udahili wa muda huchanganywa na udahili wa masharti: wa kwanza husubiri uthibitisho, wa pili husubiri mwombaji atimize jambo lililotajwa. Asiyetenganisha mambo haya mawili anaweza kukaa akisubiri barua, kumbe chuo ndicho kinachomsubiri yeye.

5.0 Majina katika vyeti

Karani wa udahili hukagua kwanza kama jina ni moja katika vyeti vyote. Katika Handeni na Korogwe kazi hii ina sura ya kifonolojia. Majina mengi ya kiume ya eneo hilo huanza na kiambishi kinachotamkwa Se- upande wa Wazigula na She- upande wa Washambaa. Familia iliyohama kutoka bonde hadi mlimani, au mwanafunzi aliyeandikishwa na mwalimu wa upande wa pili, huweza kupata jina lenye tahajia mbili: Semkiwa katika cheti kimoja, Shemkiwa katika kingine. Jirani hana shaka kwamba huyo ni mtu mmoja. Jalada haliwezi kukubali hivyo bila ushahidi, na mwombaji hupelekwa kwa wakili au mahakamani kutafuta hati ya kiapo.

Makazi ya Chogo, wilayani Handeni, yanaliongezea jambo hili uzito. Tangu mwaka 2003 wamepokelewa hapo watu waliokimbia vita Somalia, wengi wao wakiwa wa asili ya Kizigula. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, na baadhi ya wazao waliihifadhi lugha hadi bonde la Juba. Wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Kwa mtoto wa familia kama hiyo, tahajia ya jina na kipengele cha uraia si mambo madogo, kwa kuwa vyuo vingi hutoza ada tofauti kwa raia na kwa mgeni.

6.0 Karani mpya

Maombi yalipohamia kwenye intaneti, sehemu ya kazi ya karani wa chuo ilihamia mitaani. Katika miji kama Korogwe na Chanika, mwombaji asiye na kompyuta huenda steshenari. Mhudumu hufungua akaunti, huskani vyeti, huomba namba ya malipo, ambayo wateja huiita "kontroo namba", na husoma maswali ya Kiingereza kwa sauti, akiyatafsiri papo hapo. Mwombaji hujibu kwa Kiswahili; mhudumu huandika kwa Kiingereza.

Hapa tafsiri imekuwa huduma inayolipiwa pamoja na kurasa. Mhudumu huyo hakufunzwa ukalimani wala taratibu za udahili, na hana kamusi mezani. Hata hivyo, yeye ndiye anayeamua kama "mdhamini" ni baba au mhadhiri. Kumlaumu itakuwa dhuluma, maana anaijaza nafasi iliyoachwa wazi na wenye dhamana ya lugha.

7.0 Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza husema kwamba shahada za juu ni za kimataifa, na waombaji na watahini hutoka nje. Ni kweli. Lakini fomu yenye lugha mbili haimfungii mgeni mlango. Pingamizi la pili husema kwamba anayeshindwa fomu ya Kiingereza hawezi masomo. Hoja hii inachanganya umahiri wa taaluma na umahiri wa rejista ya ofisi. Mtu anaweza kuchambua mofolojia ya kitenzi kwa ustadi na bado asijue tofauti ya udahili wa muda na wa masharti, kwa lugha yoyote ile. Pingamizi la tatu ni la gharama. Gharama ya kufasiri fomu mara moja ni ndogo kuliko ya kila karani kuifasiri upya kila siku, kila mmoja kwa namna yake.

8.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vyuo vikuu na Baraza la Kiswahili la Taifa vikubaliane juu ya orodha fupi ya istilahi za udahili, ikianza na uzamili, uzamivu, mpendekezaji, transkripti na aina za udahili. Pili, idara za Kiswahili ziwe za kwanza kutoa fomu na mwongozo kwa Kiswahili, kwa sababu hazina kisingizio. Tatu, wanafunzi wa isimu waelekezwe masjalani. Kwa idhini ya wenye nyaraka, na kwa kuficha majina ya wahusika, barua za ofisi za wilaya zinaweza kuwa hazina ya data kuhusu Kiswahili kinavyofanya kazi pale ambapo neno lina matokeo.

Orodha hiyo isitungwe bila makarani. Wao wanajua ni swali gani huulizwa mara tatu kwa siku, ni kipengele gani huachwa wazi, na ni neno gani humrudisha mwombaji Handeni kutafuta karatasi ambayo hakuihitaji. Ujuzi huo haujaandikwa popote, na kila anapostaafu mmoja wao hupungua.