Unguja Maji Yakipwa



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yangu ya Unguja. Najua mnangojea habari za mchanga mweupe na bahari ya buluu. Vipo. Kutoka Dar es Salaam boti ziendazo kasi huchukua kama saa mbili, na kutoka mjini hadi Paje, pwani ya mashariki, ni karibu kuliko kutoka hapa Kharumwa kwenda Mwanza. Mchanga ule ni laini kama unga wa muhogo. Hayo nayaacha, maana picha zake mmekwisha kuziona.

Picha hazionyeshi kwamba bahari ile huondoka. Sisi watu wa ziwa tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Paje maji hupwa mpaka mawimbi yakabaki mstari mweupe kule mwambani. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupwa zaidi. Hapo wanawake hujifunga kanga wakashuka shambani. Ndiyo, shambani: vijiti vimechomekwa kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na kwenye kamba kumefungwa vipande vya mwani. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa ng'ambo, ambako hutolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa ya meno.

Kilimo hiki kilianza pale mwaka 1989 kwa mbegu ya Ufilipino, na wanawake wengi wakapata fedha za mkononi mwao wenyewe. Mimi mtoto wa mkulima wa pamba nilitega sikio niliposikia kuwa aina yenye bei nzuri huitwa kotonii. Ni jina tu, pamba haimo. Ila bei hupangwa na mnunuzi, na sidhani kuna mzee humu ambaye habari hiyo ni ngeni kwake.

Sasa kotonii inakufa. Bahari imepata joto, mwani unapauka na kukatika. Wengi wamebaki na spinosamu, inayostahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Wataalamu hushauri kamba zipelekwe penye kina, kwenye maji yenye ubaridi. Ushauri mzuri, lakini wengi wa akina mama wale hawajui kuogelea, na chombo ni ghali. Wengine husaga mwani wakatengeneza sabuni. Nilinunua vipande vinne.

Kisha zipo hoteli, zinazotazama maji yale yale. Wageni hawapendi kukanyaga vijiti wakioga. Kwa maoni yangu, aliyekuja kupumzika wiki moja angeweza kusogea hatua hamsini.

Vijana huniuliza kazi za hoteli huko. Zipo, mlangoni mwa hoteli moja mlinzi alinisalimu, "Mwangaluka!" Nikajua si mwenyeji. Aliniambia msimu wa mvua za masika wageni hupungua, na baadhi yao hurudishwa nyumbani. Kaulizeni jambo hilo kabla ya kukata tiketi.

Anayetaka kuona mashamba yale atazame mwezi kwanza, asiende wakati wa maji mafu. Nimeleta fungu la mwani mkavu kwa ajili ya maabara. Lipitisheni mkono kwa mkono, lakini msilionje. Ni chumvi tupu.