Chema Chajiuza: Jina la Mtu katika Mtandao wa Intaneti



Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi aliweza kulishika embe, kulinusa na kulibonyeza kabla ya kutoa fedha yake. Swali tunalotaka kulitafakari leo ni hili: ina nguvu gani katika soko la intaneti, ambako mnunuzi haoni ila picha, na ambako hata chema hakina budi kujitembeza ndipo kijulikane?

Swali hili linawahusu vijana wengi wazungumzao Kiswahili, walio nyumbani na walio ughaibuni, wanaotafuta riziki kwa kujirekodi wakipika, wakichekesha, wakifundisha au wakisimulia safari zao. Bidhaa yao ya kwanza ni jina lao. Nalo jina huchukua miaka kujengwa, na siku moja tu kubomoka.

Tuanze na mfano wa karibu. Kili Paul, kijana wa Kimaasai kutoka Tanzania, alijulikana duniani kwa video fupi ambamo yeye na dada yake, Neema, walifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimpa heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao wawili katika hotuba yake ya redio kwa wananchi wa India. Mtu aweza kuuliza: uhalisi uko wapi hapo, ikiwa nyimbo si zake, lugha si yake, na hata sauti si yake? Lakini tutazame vizuri. Kili Paul hakujifanya Mhindi, wala hakudai kuwa ndiye mwimbaji. Alivaa shuka lake, akasimama katika mazingira ya kwao, akaonyesha kile akipendacho. Mtazamaji alijua anapewa nini. Basi mtu aweza kuazima wimbo wa mwenziwe akabaki mkweli, mradi hamdanganyi anayemtazama.

Mfano wa pili ni Khaby Lame, mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, alipoteza kazi yake ya kiwandani. Akaanza kujirekodi akionyesha, bila kutamka neno, namna rahisi ya kufanya mambo ambayo wengine wameyafanya magumu makusudi. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote katika TikTok, zaidi ya milioni 140. Alichagua jambo moja alilolimudu, akalishikilia hadi ishara ya mikono yake ikatambulika pasipo kuhitaji mkalimani.

Upande wa pili wa sarafu uko Australia. Belle Gibson alijipatia jina kwa kudai kwamba ana saratani ya ubongo na kwamba anajitibu kwa chakula na tiba mbadala. Alitoa programu ya simu ya mapishi, kisha kitabu. Mwaka 2015 alikiri kuwa madai yale hayakuwa ya kweli, na Septemba 2017 Mahakama ya Shirikisho ikamtoza faini ya dola 410,000 za Australia kwa kuwapotosha wateja, yakiwemo madai ya michango ya hisani ambayo kwa sehemu kubwa haikutolewa. Hasara, hata hivyo, haipimwi kwa faini peke yake. Miongoni mwa wasomaji wa habari zake walikuwamo wagonjwa wa kweli, waliokuwa wakitafuta tumaini.

Kuna pia uongo wa kunyamaza. Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 nchini Marekani, baada ya mamlaka ya masoko ya mitaji kusema kuwa alitangaza sarafu ya kidijitali bila kueleza kwamba amelipwa dola 250,000 kwa tangazo hilo. Nchini Uingereza nako, sheria humtaka anayelipwa kusifu bidhaa aseme wazi kuwa hilo ni tangazo. Msingi wake tunaujua tangu zamani: dalali hujitambulisha kuwa ni dalali.

Sasa tugeukie ughaibuni, maana huko jambo hili lina uzito wa pekee. Kijana aliye Maskati, London au Minneapolis anapopiga picha kando ya gari lisilo lake, watazamaji wake wa kwanza ni ndugu zake. Mama ataamini kuwa mambo yamemnyookea, na ataomba ada ya mdogo wake. Jirani ataamini, na pengine atauza shamba ili mwanawe naye asafiri. Hawaioni zamu ya usiku, wala chumba wanamolala wanne. Picha moja ya kujisifu yaweza kumgharimu mtu asiyemjua mpiga picha hata kwa jina.

Je, ukweli ni kuanika kila kitu? La hasha. Nyumba ina sebule, na ina chumba cha ndani. Mgeni hukaribishwa sebuleni, wala hasemi amedanganywa kwa kuwa hakufunguliwa chumba cha kulala. Ugonjwa wa mzazi, ugomvi wa ndoa na machozi ya mtoto si mali ya soko, hata kama watazamaji wataongezeka. Mtoto hasa hana uwezo wa kukataa, na picha zake zitamngoja hadi atakapokuwa mtu mzima.

Kwa hiyo, anayetaka kujenga jina la kudumu na aseme analolijua, ataje aliyemlipa, asinunue wafuasi wa bandia, na ajiulize kabla ya kurusha video: je, mtu anayenifahamu tangu utotoni akiiona hii, atanitambua? Chema kitembezwe, hakuna ubaya. Ila kitembezwe kikiwa chema.