Mwaridi Wataka Mkasi
(Mazungumzo yaliyotolewa siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya mawaridi, kwa kuwa asubuhi hii tumepanda miche 24 mbele ya bwalo, na kuanzia kesho miche hiyo iko mikononi mwa vijana. Kupanda kumechukua saa mbili tu. Mimi nataka kuzungumzia miaka inayofuata.

Aina tuliyopanda huitwa floribunda, yaani yenye maua tele. Siyo lile waridi la kikonyo kirefu linalolimwa Naivasha na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Hii hutoa kishada cha maua matano, kumi, hata zaidi, juu ya tawi moja. Ilianzia Denmark, kwa ukoo wa Poulsen, waliochanganya miwaridi mifupi ya vijiua vingi na ile ya maua makubwa. Mojawapo ya zile za mwanzo, Else Poulsen, ilitoka mwaka 1924. Ile nyeupe iliyoenea sana, Iceberg, ni ya Kordes wa Ujerumani, mwaka 1958.

Naitaja Denmark kwa makusudi. Huko baridi kali ikiingia, mwaridi hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa. Ukikaribia kuamka mwenye bustani huukata, nao huanza upya. Huku kwetu milimani hakuna wa kuulaza. Huchipua Januari, huchipua Julai. Matokeo yake mmeyaona: mti umepita dirisha, chini vijiti vitupu, juu kabisa maua matatu. Watu husema udongo umechoka. Mara nyingi udongo umesingiziwa. Hakuna aliyethubutu kukata.

Uoga huu hunishangaza kwa watu waliokulia kwenye kahawa. Mkulima wa Kilimanjaro huondoa maotea ya mbuni wake bila huruma, na mavuno yakiisha hupogoa. Mpe mwaridi, ataukwepa kama mgeni wa heshima!

Basi kateni. Masika yakiisha, mwanzoni mwa Juni, ondoeni matawi makavu, yaliyo membamba kuliko penseli, na yanayokwaruzana katikati. Yatakayobaki, manne hadi sita, yafupisheni mpaka futi moja au moja na nusu kutoka ardhini, mkikata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Mkasi uwe mkali. Ulio butu huponda. Maua yatarudi baada ya wiki 6 hadi 8, na penye baridi sana yatachelewa zaidi. Kishada kikinyauka, kikateni kizima pamoja na majani mawili matatu, msichume ua moja moja. Kingine kitafuata baada ya majuma kama hayohayo, hivyo wanaotaka maua siku ya mahafali wahesabu kalenda kinyumenyume.

Miche hii imebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Chipukizi likitokea chini ya kile kifundo, ling'oeni kwa mkono, maana likikatwa huchipua tena. Naijua bustani ya ofisi moja ambamo waridi lililonunuliwa lilikwisha kufa, linalostawi ni shina la chini, na mhudumu bado anamwagilia kila siku kwa uaminifu.

Juu ya maji: ugonjwa wa madoadoa meusi huletwa na kuvu anayehitaji jani libaki na majimaji kwa saa 7 hivi. Anayemwaga ndoo juu ya majani jioni humpa kuvu huyo usiku kucha. Mwagilieni asubuhi, chini kwenye udongo, na majani yaliyoanguka myaokote na kuyachoma. Vidukari wataondoka kwa maji ya sabuni. Samadi iwe imeoza vizuri. Mbichi huunguza mizizi.

Najua yupo atakayeuliza kwa nini hatukupanda kabichi. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 swali hilo ni la haki shuleni. Shamba la kabichi lipo pale bondeni, wala hatukuligusa. Lakini kijana aliyejifunza hapa kulitambua jicho la kukatia hatautazama mzabibu wala mbuni wa baba yake kwa macho yale ya zamani. Tena matawi mtakayoyakata msiyatupe. Pingili ya inchi nane, yenye unene wa penseli, ikizikwa zaidi ya nusu yake kivulini na kutunziwa unyevu, mara nyingi hutoa mizizi. Si zote zitakazoshika, ila zitakazoshika ni zenu, mpeleke nyumbani au muuze.

Mikasi miwili na jiwe la kunolea nimemkabidhi mwalimu wa bustani. Tafadhali isitumike kukatia waya.